Ukoo Kwanza, Habari Mwisho

Daktari wa koo amenikataza kupaza sauti, na kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni sawa na kustaafishwa. Alipokuwa akiandika dawa nilimuuliza kama naruhusiwa angalau kutangaza taratibu. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mzee Shomari, hata salamu punguza." Basi maiki nimeiweka chini, na maneno yaliyobaki nayatoa kwa kalamu.

Nawaandikia nyinyi vijana mnaofanya kazi hii ya matangazo sasa kwenye barabara yetu ya Bagamoyo. Nawaona mkipita na guta la miguu mitatu, flashi imeshachomekwa, sauti iliyorekodiwa jana inajirudia kuanzia Kerege mpaka Zinga, na mwenyewe umekaa unachezea simu. Siwalaumu, makoo yenu yatadumu kuliko langu. Lakini yapo mambo ambayo flashi haiyajui, na mengine hata mimi niliyajua nikiwa nimeshazeeka kazini. Habari za ujira sitaziandika, maana zingeisha kabla hamjakaa vizuri.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Duru, mtu wa mji mkongwe wa Bagamoyo, mwembamba, mwenye kofia iliyopigwa pasi kila siku ya Mungu. Alikuwa na pikapu chakavu, honi mbili zilizofungwa juu kwa kamba ya katani, amplifaya na betri. Siku yangu ya kwanza alinipa mpira: timu ya Zinga inakutana na timu ya Kerege, jioni, uwanja wa shule. Nikashika maiki nikalipuka. Majina ya wachezaji, mgeni rasmi, zawadi ya mbuzi, yote kwa pumzi moja na huku gari linakimbia. Tuliporudi, Mzee Duru akasimama kwa mama mmoja muuza vitumbua, akamuuliza, "Mama, hebu tuambie, tumepita kutangaza nini?"

"Kumbe ni nyie?" yule mama akajibu. "Mimi nilidhani watu wanagombana."

Mzee Duru hakunikaripia. Alininunulia vitumbua viwili, akaanza kunifundisha upya. Gari lisimame ndipo useme. Honi uielekeze kule upepo unakokwenda, maana ukishindana na upepo utashindwa wewe. Maiki uivishe kitambaa safi, vumbi na pumzi visiingie. Karanga usile kabla ya kazi, tangawizi ule. Na usianze kusema kabla mwenye kupepeta hajaweka ungo wake chini, kwa sababu mtu anayefanya kazi husikia nusu tu. Haya yote niliyafuata miaka yote, isipokuwa la karanga.

Somo kubwa lilikuwa la msiba. Vitongoji vyetu vimetawanyika, na spika ya msikiti haifiki kote, kwa hiyo mtu akifariki familia huleta habari kwetu. Mzee Duru alikuwa na utaratibu wake ambao sijausikia kwingine. Ukoo kwanza, habari mwisho. Unasalimia, unanyamaza kidogo, halafu unamtaja mtu kwa watu wake: binti wa fulani, mjukuu wa fulani, dada yake fulani, mama yake fulani. Unanyamaza tena. Ndipo unasema kilichotokea na saa ya maziko. Alinieleza kwamba jina likimwangukia mtu ghafla linamuumiza, lakini ukianzia mbali kwa mababu, mwenye msiba anapata muda wa kukaa chini. Nilipomzika Mzee Duru mwenyewe, nilimtangaza hivyo hivyo, na nilipofika kwenye kituo cha mwisho, kile cha kunyamaza, nililia kwenye maiki, kata nzima ikanisikia.

Kazi ngumu zilikuwa nyingi. Kutangaza mtoto aliyepotea ni kazi inayokukausha mate, na kumtangaza kwamba amepatikana ni tamu kuliko harusi. Kuna bwana mmoja wa Kerege alikuja amefura, anataka nimtangazie talaka ya mkewe kwa honi, mtaa hadi mtaa. Nilimwambia betri imekwisha chaji, tuisubiri. Nikampa chai. Nikamwongeza nyingine. Kabla ya chai ya tatu alikuwa ananiuliza kama nadhani mkewe ameshapika. Mpaka leo wapo pamoja, na yeye anaamini betri zangu zilikuwa mbovu.

Sasa niwape kisa cha mgombea, kwa sababu ndicho mnachoniuliza kila tukikutana.

Mwanahamisi alikuwa mwangalizi wa kioski cha maji hapa kwetu. Kila aliyewahi kukinga ndoo anamfahamu, lakini anamfahamu kama Mama Bomba. Alikuwa mjane wa umri wa kati, mkali kwa wanaoruka foleni, hajawahi kupanda jukwaa maishani mwake. Aliingia siasa kwa sababu ya boma la zahanati. Kuta zilisimama tangu zamani, bati hazijawahi kufika, ndani wamelala mbuzi. Mpwa wake Rehema alijifungulia barabarani akipelekwa mjini, kwenye kiti cha nyuma cha gari la kuomba, na mtoto hakuishi. Baada ya arobaini Mwanahamisi akafunga kioski mchana mmoja, akaenda kuchukua fomu ya udiwani kwa chama kidogo ambacho wengi wetu tulikuwa hatujui bendera yake ina rangi gani.

Alinijia asubuhi nikiwa nafuta honi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Maji yamekatika?"

"Maji yapo. Nataka unitangaze. Nagombea."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nikaacha. Akanieleza shida yake. Kwenye karatasi ya kura ataandikwa Mwanahamisi Juma Seif, na hilo jina hakuna anayelijua. Ameshapita nyumba kadhaa, watu wanamwambia kuna mwanamke mgeni anagombea, eti yeye Mama Bomba atampigia nani.

"Kwa hiyo nitangaze kwa watu wangu," akasema. "Binti wa nani, mjukuu wa nani, dada yake nani. Wakisikia ukoo watajua ni mimi."

Nikaweka kitambaa chini. "Mwanangu, hiyo ni namna ya maiti."

"Ni namna ya watu kujuana. Wewe husemi nimekufa. Unasema nagombea."

"Hawatasubiri nifike huko."

"Mjomba, unatangaza au nimtafute mwingine?"

Wagombea wapya mtawajua kwa hilo. Aliyezoea siasa hukusikiliza halafu hafanyi. Mpya hakusikilizi kabisa. Nikajipa moyo kwamba nikitangaza kwa sauti ya furaha mambo yatakuwa sawa. Siku ya Alhamisi, saa mbili asubuhi, muda ulioruhusiwa, nikaanzia mwisho wa kata huku nikitabasamu kwenye maiki peke yangu.

"Assalaam alaykum. Tangazo. Mwanahamisi. Binti wa marehemu Juma Seif wa Mlingotini. Mjukuu wa marehemu Bi Mtumwa mkunga. Dada yake Athumani fundi baiskeli. Shangazi yake Rehema." Nikatua, kama ulimi ulivyozoea. Halafu nikasema anagombea udiwani, anaomba kura zenu, na zahanati itaezekwa. Nikaenda kituo kinachofuata.

Niliona duka moja likifungwa nyuma yangu. Niliona mwanamke akiepua kikaango. Nikadhani ni heshima kwa mgombea, nikajisifu. Nilipokaribia Kerege, bodaboda mmoja akanifukuzia mpaka akanipita, akasimama mbele yangu.

"Mzee, maziko saa ngapi?"

"Maziko ya nani?"

"Si ya huyo unayemtangaza!"

Niligeuza gari pale pale. Barabara nzima nilikuta watu wakielekea upande mmoja, kina mama na mikeka chini ya kwapa, kanga mbili mbili, mwingine na sufuria kichwani, mwingine na mzigo wa kuni. Wanaume walikuwa na majembe. Hakuna aliyesubiri maneno ya mwisho. Waliposikia ukoo, kila mtu aliacha alichokuwa anafanya, kama tulivyolelewa.

Mwanahamisi alisikia hodi akiwa anapiga pasi kanga yake ya kuvaa kwenye mkutano. Alipofungua alikuta bibi wawili waosha maiti, wa kwanza ana ndoo, wa pili ameshika karafuu maiti kwenye kikaratasi. Wakamuuliza yeye mwenyewe, kwa sauti ya chini, marehemu amelazwa chumba gani. Mmoja alipomtambua alikaa chini kizingitini bila kupenda.

Nilipofika uani pamejaa. Kulikuwa na waliocheka, waliolia kwa kufurahi na waliokasirika kweli, kwani makaburini vijana walikuwa wameshachimba kufika magotini na ikabidi watumwe watu wakawaambie wafukie. Mwanahamisi alikuwa amesimama kwenye kibaraza, uso umemshuka. Aliponiona hakunigombeza. Alisema polepole, "Mjomba, nimekwisha. Nani atampigia kura mtu wa kuchekwa?" Nilimwonea huruma mno, na niliona aibu, ingawa nilikuwa nimemwonya.

Aliyeokoa siku ile ni Masanja. Masanja ni Mnyamwezi, mlinzi wa ghala, amekaa nasi miaka, na kwa kuwa sisi ni watani, msibani ana haki ya kufanya ambalo mwingine akilifanya atapigwa. Aliingia uani na fimbo yake, akatazama huku na huku, akapiga kelele.

"Nimeacha ghala la watu nimekuja kuzika. Maiti iko wapi?"

"Ni mimi, mtani," Mwanahamisi akasema. "Sijafa."

"Hilo hukuniambia nilipokuwa natoka. Mimi sirudi hivi hivi. Tandikeni mkeka!"

Wakatandika. Masanja akamwamuru akae katikati, akamfunika kanga mpaka kichwani. Mwanahamisi alipotaka kusema neno, Masanja akamnyooshea fimbo. "Kimya. Maiti hasemi. Haya, nyie mliokuja, kila mtu aseme alilokuja nalo. Mlikuwa mnakuja kulia nini hapa?"

Watu wakacheka. Halafu Bi Zena, yule bibi mwosha mwenye karafuu, akasogea mbele. Hakuwa anacheka.

"Mimi njia nzima nimekuja nikiyasema mema yako, mwanangu," akaiambia ile kanga. "Nilisema ulinijazia ndoo mwaka mzima nilipovunjika mguu, ukaniletea mpaka mlangoni, na hukumwambia mtu. Sasa nimeshayasema, siwezi kuyarudisha."

Mwingine akasema lake. Mwanamume mmoja, ambaye nilijua wamewahi kugombana kwa sababu ya foleni, akasema kwamba yule mwanamke alimfukuza mbele ya watu, na alistahili kufukuzwa. Mama mmoja akaeleza jinsi Mwanahamisi alivyokesha naye hospitali mjini. Walisema wengi. Mtendaji wa kata alikuja akauliza huu ni mkutano gani usio kwenye ratiba ya kampeni. Masanja akamjibu, "Huu ni msiba. Tunasubiri tu maiti akubali." Mtendaji alitazama zile sufuria, akavua viatu, akakaa. Kanga ilikuwa inatikisika, nikadhani Mwanahamisi anacheka. Ilipofunuliwa alikuwa amelowa machozi mpaka shingoni.

Wali ulipikwa, kwa kuwa mtu aliyekuja msibani harudishwi na njaa hata kama msiba haupo. Alasiri, tulipodhani yamekwisha, shangazi yake Mwanahamisi akashuka kwenye basi kutoka Lugoba akilia tangu barabarani. Alimkuta marehemu anaosha vyombo. Alimpiga kofi kwanza, ndipo akamkumbatia.

Mnajua watu wetu. Habari ilifika mjini kabla ya magharibi. Jumamosi ilikuwa zamu ya mkutano wa diwani aliyekuwapo, mheshimiwa wa vipindi vingi, mtu mcheshi, na spika alikodi kwangu, kwani mimi nilikodishia wote. Sikumwekea kinyongo, nilimpangia honi vizuri kama mteja mwingine yeyote. Alichezea kisa kile kwa raha zake. Akasema mwaka huu anashindana na marehemu. Watu wakacheka. Akaona wamecheka, akaongeza.

"Hata mimi nilisikia! Nilikuwa kwenye gari, naelekea mjini. Nikamwambia dereva, kaza mwendo, leo nimepita bila kupingwa!"

Wakacheka tena, ila kicheko kilikuwa kifupi. Mimi nilikuwa nyuma ya amplifaya, nawaona nyuso. Akina mama wa mbele waliinamisha vichwa, wakaanza kurekebisha kanga zao. Yeye hakuona, alikuwa ameshaingia kwenye habari za barabara.

Siku mbili baadaye ilikuwa zamu ya Mwanahamisi. Alitetemeka hata maiki ikawa inagonga meno. Nilimwambia aishike mbali kidogo, aseme kama anamwita mtu foleni. Alisalimia. Akasema kuhusu boma la zahanati na mpwa wake, kwa maneno machache. Kisha akanyamaza, nikadhani amesahau. Kumbe alikuwa anatua.

"Ni kweli nilitangazwa Alhamisi," akasema. "Mlidhani nimekufa, mkaja. Aliyekuwa na kuni alileta kuni, aliyekuwa na jembe alileta jembe. Hata niliogombana nao walikuja. Mheshimiwa naye alisikia, amesema mwenyewe hapa hapa. Alisikia nimekufa, akaendelea na safari."

Alinirudishia maiki akashuka. Kutoka nyuma kabisa nikasikia sauti ya Bi Zena, "Wallahi hakuja." Mimi nimeshika spika maisha yangu yote, na sijawahi kusikia neno lililosemwa bila spika likafika mbali kama lile. Kwetu mtu anaweza kukusamehe umemdhulumu shamba. Kutokuja msibani, na unajua, hakuna namna ya kujitetea.

Alishinda kwa kura chache, lakini alishinda. Boma liliezekwa, ingawa si haraka kama alivyotaka, na alikwaruzana na watu wengi halmashauri kwa sababu vikao vyao havina foleni. Mbuzi walihamishwa. Mtoto wa kwanza aliyezaliwa pale nilimtangaza mimi, kwa ombi la diwani, ukoo kwanza. Safari hii kila mtu alisubiri mpaka mwisho.

Basi majuzi, siku chache baada ya daktari kunikataza, Mwanahamisi alipita nyumbani kunipa pole. Akaniomba honi na pikapu kwa asubuhi moja, nikadhani ni tangazo la usafi wa mitaro. Nikamwandikia kwenye karatasi asisahau kitambaa cha maiki. Akaisoma, akacheka, akaondoka na dereva wake.

Nilikuwa kibarazani na uji wangu nilipomsikia anaanza upande wa shule. Upepo aliutumia vizuri.

"Assalaam alaykum. Tangazo. Shomari. Mwana wa marehemu Kibwana mchoma chokaa. Mjukuu wa marehemu Mwinyihija. Mume wa Bi Tatu. Mwanafunzi wa marehemu Mzee Duru."

Nimetangaza majina ya watu wa kata hii waliozaliwa, waliopotea, waliooa na waliokufa. La kwangu sikuwahi kulisikia kwenye honi. Aliposema Mzee Duru niliweka uji chini. Kisha akatua, akatua muda mrefu, na najua wote walishajua habari zangu za koo, ila mlango wa duka la jirani nilisikia ukifungwa.

Mwisho wa tangazo haukunifikia vizuri kwa sababu ya miguu ya watu. Walikuja na mikeka. Bi Zena alikuja anasaidiwa kutembea, na karafuu maiti yake kwenye kikaratasi, anacheka meno yote yaliyobaki. Yule bwana wa Kerege alikuja na mkewe. Masanja aliingia na fimbo, akanitandikia, akanifunika kanga ya mke wangu. Kutoka ndani ya kanga nikaanza kuwasikia, mmoja mmoja, na baadhi ya waliyoyasema nilikuwa nimeshayasahau.

Nilitaka kuwashukuru. Nilitaka pia kumwambia Mwanahamisi kwamba kituo chake kilikuwa kirefu mno. Nikafunua kanga, nikafungua mdomo, na Masanja akaninyooshea fimbo.

"Kimya, Shomari," akasema. "Maiti hasemi."

Nikajifunika tena, nikawasikiliza.